Tairi la Mvua ni Tuhuma

Nchi ninayoisimulia haipo popote. Msomaji atakayedhani anaitambua aende akapimwe macho. Daktari wa macho tunaye, mmoja, na foleni yake si ndefu kwa wale wenye uwezo wa kuiona.

Katika nchi hii tunafanya mbio za magari mara moja kwa mwaka, siku ya kuzaliwa Mtukufu Mlezi wa Taifa. Mtukufu alizaliwa katikati ya masika. Hilo si kosa lake, na waliowahi kuliita kosa hawapo tena kuitetea hoja yao. Tangu mbio zianzishwe, siku hiyo hunyesha mvua ya kung'oa mabati. Na tangu mbio zianzishwe, Idara ya Hali ya Hewa hutangaza redioni, kwa sauti ya yule dada mwenye kikohozi, kwamba anga ni safi na jua linawaka kwa adabu. Mvua haiwezi kunyesha siku ya furaha ya Mlezi. Jambo hilo limo kwenye Katiba, liliingizwa baada ya mbio za tatu.

Kwa hiyo mashabiki tunakwenda uwanjani bila miavuli. Mwavuli ukikutwa langoni unahesabiwa kuwa silaha, na mwenye nao anaulizwa kwa upole anatarajia nini. Wakati wa kutoka kila shabiki husaini karatasi inayosema kwamba alikaa juani kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana. Miaka ya mwanzo tulisaini kwa kalamu za wino, wino ukachuruzika, majina elfu kumi yakawa doa moja la bluu. Siku hizi tumeletewa penseli. Asije mtu akasema serikali yetu haijifunzi.

Mimi ni Katibu wa Chama cha Mashabiki wa Mbio, tawi la Mtaa wa Kinu. Sheria inataka kila kijiwe chenye zaidi ya watu watatu kiwe na katibu, na kila Jumatatu katibu apeleke wilayani muhtasari wa yaliyozungumzwa. Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na miwili bila kukosa Jumatatu hata moja. Mwandiko wangu umesifiwa mara mbili.

Kijiwe chetu kiko nyuma ya banda la kuziba pancha la Fundi Hidaya. Tunakaa juu ya matairi mabovu, tunakunywa kahawa, tunabishana kuhusu gari la taifa. Kwa kweli hakuna raha nyingine iliyobaki mtaani kwetu.

Gari la taifa linaitwa Ushindi. Linashindana peke yake, ndiyo maana ushindi haujawahi kutuponyoka. Liliundwa na kamati ya wizara tisa, na kila wizara ilidai iachiwe sehemu. Wizara ya Ulinzi ilichukua bawa, lile bati kubwa la kukandamiza gari chini, ikalifunga mbele, kwa maelezo kwamba nyuma ni mahali pa wanaokimbia vita. Wizara ya Habari iliweka vipaza sauti vinne juu ya paa. Wizara ya Utamaduni ilibandika picha ya Mtukufu katikati ya kioo cha mbele, kubwa ya kutosha kuonekana kutoka jukwaani, na dereva akabakiwa na upenyo kati ya sikio la Mtukufu na bega lake. Waipa ziliondolewa. Haikuwezekana uso wa Mlezi upigwe kushoto na kulia mbele ya hadhara.

Matairi yalikuwa na historia yake. Mwanzoni aliletwa mhandisi kutoka nje, akaja na matairi yaliyochongwa mifereji. Waziri wa Mwendo na Utulivu, Mheshimiwa Luteni Kanali Mstaafu Daktari wa Heshima Silvesta Nderimo, aliinama akayapapasa.

"Mikato hii ni ya nini?"

"Ya mvua, Mheshimiwa. Inatoa maji."

Waziri akasimama wima. "Bwana mhandisi," akasema, "katika nchi hii tairi la mvua ni tuhuma."

Mhandisi alisafirishwa mchana ule ule kwa ndege. Begi lake lilifuata wiki ya pili, likiwa limefunguliwa. Tangu hapo Ushindi linatembelea matairi laini, vipara kabisa, ukipitisha kiganja huhisi chochote.

Madereva wanne waliotangulia walistaafu wakiwa kazini. Wote wanne walistaafia Kona ya Shukrani, iliyo bondeni, ambako maji yasiyokuwepo hujikusanya mpaka yafike magotini.

Sasa kijiweni tulikuwa na pande mbili. Upande mmoja alikuwepo Mashauri Kigonda, fundi cherehani, mtu ambaye hajawahi kukamata usukani maishani mwake na kwa hiyo hakuwa na shaka na jambo lolote. Yeye alikuwa mtu wa bawa.

"Bawa ndilo linaloshika gari," alikuwa akisema, akichora hewani kwa mkasi. "Upepo unalikandamiza, gari linanasa chini. Hao wanne walikuwa wepesi mno, basi. Hawakula vizuri."

Upande wa pili alikuwepo Hidaya peke yake.

"We Mashauri, kata suti," alikuwa akimjibu huku anapandisha jeki. "Bawa likae mbele, likae nyuma, likae kichwani kwako, kama tairi ni kipara gari litaelea tu. Maji yakishaingia kati ya mpira na lami, hapo huendeshi gari tena, unaendesha chelezo."

"Maji gani?" mimi nilikuwa nauliza, kalamu mkononi.

"Maji ya mfano, Katibu."

Nami nilikuwa naandika: maji ya mfano. Niliwatendea haki wote.

Mambo yalibadilika mwaka huu, pale taarifa ya habari ya saa saba mchana ilipomtaja dereva mpya wa taifa. Nafasi hiyo haiombwi. Mtu husikia tu jina lake redioni. Safari hii alitajwa Athmani Ndaro, dereva wa boza la kumwagilia maua ya Ikulu, mume wa Fundi Hidaya. Alikuwa amemwagilia maua yale kila siku kwa miaka saba, masika na kiangazi, na alipomwagilia siku za mvua hakuwahi kuuliza swali. Kamati iliona huo ni uzoefu.

Athmani alikuwa anakula ugali aliposikia jina lake. Alinawa mikono, akaenda bandani kwa mkewe, akakaa juu ya tairi bovu.

"Mama Zawadi, umesikia?"

"Nimesikia."

"Siwezi kukataa."

"Nani kasema ukatae? Utakwenda na utarudi."

Ilikuwa desturi matairi ya taifa yaletwe kwa Hidaya kujazwa upepo kabla ya mbio, kwa sababu pampu ya wizara ilikuwa kwenye maonyesho ya mafanikio na haikuruhusiwa kushushwa jukwaani. Mwaka huu aliyakawiza siku tatu. Alifunga banda, akasema anaumwa mgongo. Sisi tulinywa kahawa yetu nje, tukasikia harufu ya mpira unaoungua, tukasema ni pancha kubwa.

Siku ya mbio mvua haikunyesha kwa nguvu kuliko mwaka mwingine wowote. Tulilowa hadi kwenye kitovu. Gari likatoka, vipaza sauti vikipiga wimbo wa taifa kwa sauti ya mtu anayezama. Likafika Kona ya Shukrani, na sote tukajongea mbele, kwa kuwa tulikuja kuona hicho, dereva akistaafu. Nawaambia ukweli, shabiki wa mbio asiyekuja kuona hicho ni mwongo.

Gari likaingia majini, likayapasua, likatoka upande wa pili likiwa limenyooka. Mzunguko wa pili vilevile. Likamaliza mizunguko yote ishirini. Athmani alishuka, akatapika mbele ya jukwaa kuu, na Waziri akatangaza kwamba ile ilikuwa hisia ya uzalendo. Hidaya alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Sijawahi kumwona mwanamke mwenye furaha kama ile, na sitamwona tena.

Hapo ndipo angenyamaza. Mtu yeyote angenyamaza, mumewe yuko nyumbani anakula, mambo yamekwisha. Lakini huyu hakuwa mtu yeyote, alikuwa shabiki wa mbio za magari, na kijiweni Mashauri alikuwa anaongea.

Siku ya kwanza Mashauri alisema, "Mmeliona bawa?" Hidaya akaziba pancha.

Siku ya pili Mashauri alisema, "Miaka yote hiyo nawaambia bawa, bawa, mnanicheka. Athmani amenenepa kidogo, bawa likakandamiza vizuri, mambo yakawa safi." Hidaya akaangusha spana, akaiokota.

Siku ya tatu, Jumapili, Mashauri alileta kipande cha kitambaa alichokishona kwa umbo la bawa, akakining'iniza mbele ya banda kama bendera. Watu wakapiga makofi. Athmani mwenyewe alikuwepo siku hiyo, amekaa pembeni ya mkewe na kikombe chake.

"Haya, fundi wa pancha," Mashauri akamwambia Hidaya. "Kubali tu. Kila mtu na kazi yake. Mambo ya muundo wa magari waachie wenye akili."

Athmani alimkanyaga mkewe mguu. Niliona. Lakini Hidaya alishafika mbali.

"Bawa? Bawa mama yako!" akafoka. "Nimechonga mifereji mimi! Kwa chuma cha moto, siku tatu, vidole hivi vimeungua, tazameni! Nikaijaza udongo isionekane, udongo ukaoshwa mzunguko wa kwanza. Hilo bawa lenu lilikuwa linatikisika kama mlango wa choo. Tairi ndilo lililomrudisha mume wangu. Tairi!"

Kijiwe kizima kikaangalia ndani ya vikombe. Mashauri akakishusha kitambaa chake taratibu.

"Basi," akasema. "Umeshinda."

Nilimuuliza kina cha mifereji, maana muhtasari unapenda ukamilifu. Akanijibu. Nilimuuliza ni mingapi kwa kila tairi, akanijibu hilo pia, uso ukiwaka kwa furaha ya kushinda ubishi wa miaka kumi na miwili. Athmani aliinuka akaenda zake bila kuaga. Kesho yake ilikuwa Jumatatu.

Kikao cha uchunguzi kilifanyika Jumatano katika Ukumbi wa Maridhiano. Paa la ukumbi lilikuwa linavuja, na ndoo zilikuwa zimepangwa sakafuni kwa mistari, zikiitwa vyombo vya mapambo. Niliitwa kama shahidi. Nilikaa karibu na ndoo.

Waziri Nderimo aliongoza kikao mwenyewe.

"Ndugu wananchi," akaanza, "taifa ni gari, na Mlezi ni dereva, na sisi ni mafuta. Siku ya mbio ilikuwa siku ya jua. Tunazo saini elfu kumi. Siku ya jua tairi halihitaji mifereji. Tairi lisilohitaji mifereji likichongwa mifereji, limeharibiwa. Sasa namuuliza fundi, kwa upendo kabisa: nani kaharibu mali ya taifa?"

"Mheshimiwa, mume wangu amerudi mzima," Hidaya akasema.

"Hilo sijauliza."

"Wenzake wanne hawakurudi."

"Walistaafu. Unataka kuniambia mumeo kurudi mzima ni ushahidi kwamba mvua ilinyesha?"

"Mheshimiwa, mimi mvua sijaitaja kabisa."

"Tairi lako limeitaja," Waziri akasema, "mbele ya watu elfu kumi, mizunguko ishirini."

Hidaya akaomba kufungwa. Alisema kosa ni lake, mumewe hakujua, wampeleke gerezani hata leo. Waziri akasikitika sana. Alisema serikali yetu si katili, haifungi mama wa watu kwa sababu ya mpira. Matokeo yatafutwa, basi. Mbio zitarudiwa Jumamosi ile ile, dereva yule yule, kwa matairi halali. Na kama ishara ya kusamehewa, Fundi Hidaya mwenyewe ndiye atakayeyafunga.

Hidaya alizitazama zile ndoo. Kisha nikamwona anafikiri, na akili yake ilikuwa nzuri.

"Mheshimiwa, naomba jambo moja tu. Mbio zirudiwe mwezi wa kwanza."

"Mwezi wa kwanza kuna nini?"

Zilisikika ndoo peke yake.

"Nakuuliza, fundi. Mwezi wa kwanza una nini ambacho Jumamosi hii haina?"

Midomo yake ilicheza. Jibu lilikuwa neno moja na watu wote ukumbini tulilijua.

"Hauna kitu, Mheshimiwa," akasema. "Nimeupenda tu."

"Tarehe za taifa hazipangwi kwa mapenzi ya mtu."

Alipouliza itakuwaje akigoma kuyafunga matairi, aliambiwa hakuna tatizo, yatafungwa na mpiga chapa wa wizara, kijana wa kike mwenye moyo wa kujitolea ambaye hajawahi kushika spana. Kwa hiyo Jumamosi Hidaya alikuwepo uwanjani saa mbili asubuhi, amepiga magoti kwenye maji, anakaza nati. Alikaza kila moja mara tatu. Nilisimama karibu kama Katibu, na haya niliyasikia kwa masikio yangu.

"Umekaza?" Athmani aliuliza kutoka ndani ya gari.

"Nimekaza, Baba Zawadi. Zote."

"Bondeni nipite vipi?"

"Toa mguu kwenye mafuta mapema, kabla ya bango la pili. Breki usiiguse. Likianza kuelea usishindane na usukani, liache lishuke lenyewe."

"Na lisiposhuka?"

Aliinama akakaza nati iliyokwisha kukazwa.

"Pita polepole tu, mume wangu. Polepole. Mshindi ni wewe hata ukitembea."

Na alifanya hivyo. Lazima nimsifu. Mzunguko wa kwanza alipunguza mwendo kabla ya bango la pili, akaingia kwenye maji kwa mwendo wa boza la maua, gari likayumba, likatoka. Wa pili vilevile. Wa tano, wa sita. Ilikuwa inachosha kutazama. Hidaya alikuwa amesimama ukingoni mwa kona, anahesabu kwa vidole, na kwa kila mzunguko alikuwa anasogea mbele hatua moja bila kujua.

Mzunguko wa tisa Waziri aliomba kipaza sauti.

"Dereva wa taifa anapunguza mwendo," sauti yake ikatoka jukwaani na kutoka juu ya paa la gari kwa pamoja. "Tunajiuliza anapunguza kwa sababu gani. Dereva anakumbushwa kwamba barabara ni kavu. Mashabiki, mkumbusheni."

Sijui ni nani aliyeanza. Wengine wanasema ni tawi letu. "Kavu!" mtu akapaza sauti, na maji yakamwingia mdomoni. "Kavu! Kavu!" Watu elfu kumi tukasimama, tumelowa chapachapa, tunapiga makofi yanayorusha matone, tunaimba neno hilo moja. Lilikuwa na mdundo mzuri. Naomba nisiseme uongo hapa: nilifurahi. Nilikuwa nimechoka na mwendo ule wa boza. Niliimba mpaka koo likauma, na nilimwona Mashauri kando yangu ameinua mikono yote miwili.

Hidaya aligeuka akatutazama. Alikuwa anapiga kelele, lakini kelele zetu zilikuwa nyingi zaidi.

Mzunguko wa kumi Athmani hakutoa mguu kwenye mafuta. Bango la kwanza, bango la pili. Gari likaingia majini na halikuyapasua, lilipanda juu yake, likageuka taratibu, bawa mbele, kisha ubavu mbele, wimbo wa taifa ukiendelea juu ya paa. Likagonga ukuta wa zege upande wa dereva. Matairi yote manne yalibaki mahali pake. Hakuna nati iliyolegea.

Tukashuka kona kutazama. Walimtoa wakamlaza chini pembeni ya barabara. Mashauri alilizunguka gari mara mbili, mikono nyuma, akasema tatizo ni bawa, limeinamishwa mno, kama digrii tano hivi. Mtu mwingine akasema hapana, uzito umekaa nyuma. Mjadala ulikuwa mzuri, na tukagawanyika karibu nusu kwa nusu.

Ofisa wa wilaya alifika na daftari la kupokelea maiti. Alimtazama Athmani, akafunika daftari.

"Huyu amelowa," akasema. "Siwezi kumpokea mtu aliyelowa siku kavu. Nitaandika nini? Mkausheni kwanza."

Hidaya alipiga magoti. Alifungua kanga yake ya juu, akaikamua, akaanza kumfuta mumewe uso. Akafuta paji, akafuta macho, na alipofika kidevuni paji lilikuwa limelowa tena. Akarudia. Ofisa alisubiri bila kumharakisha, alikuwa mtu mstaarabu. Mjadala wa bawa ulikwisha wenyewe, hakuna aliyeunyamazisha.

Mara ya nne akainua kichwa akatutazama, mmoja mmoja, sisi wa kijiweni kwake.

"Jamani," akasema, "nikingieni. Dakika moja tu. Mmoja wenu anikingie nimfute."

Sheria iko wazi kabisa kuhusu jambo hilo. Anayemkinga mtu lazima aseme anamkinga na nini. Watu wakatazama juu, mbali, upande ambako jua lingekuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa karibu kuliko wote, na nilikuwa nimevaa koti refu, pana, linalotosha watu wawili na kubaki. Nililifunga vifungo.